Barua ya wazi kwa wenye funguo za misitu ya Stubai

Kwa Waziri mwenye dhamana ya misitu, Vienna.
Kwa Serikali ya Jimbo la Tirol, Innsbruck.
Kwa mameya wa Schönberg, Mieders, Telfes, Fulpmes na Neustift.

Waheshimiwa,

Barua ya Kijerumani nimeshaipeleka posta. Ilikuwa ya kurasa mbili, imenyooshwa kama shuka la hotelini, na mwalimu wangu wa darasa la jioni aliisafisha mpaka ikabaki haina harufu ya mtu. Hii ni nyingine. Naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani kwa sababu kwa Kijerumani huwa naomba, na kwa Kiswahili naweza kusema. Tena wapo watakaoisoma ambao jambo lenyewe linawahusu: kwenye jiko ninalofanyia kazi na hoteli za jirani tupo Mkenya wa Eldoret, Mkongo wa Bukavu, dada mmoja wa Bujumbura anayetandika vitanda, na mimi wa Marangu. Hakuna mwenye gari kati yetu. Baiskeli tunazo wote.

Njia za baiskeli ambazo kila mwaka mnazitafutia fedha za kuzijenga, mnazo tayari: ni barabara za msituni za malori ya magogo. Zimechongwa, zimemwagwa kokoto, zimeshindiliwa, na hazina magari. Kilichozifunga ni karatasi.

Kwa wasiolijua, bonde la Stubai, katika jimbo la Tirol nchini Austria, ni refu na jembamba. Linaanzia Schönberg, karibu na pale daraja la Europa linapobeba barabara kuu ya Brenner, ile ya kwenda Italia, mita 190 juu ya mto Sill, kisha linapanda kupitia Mieders, Telfes, Fulpmes na Neustift mpaka Mutterberg, chini ya barafu. Barabara kubwa ni moja, B183. Kila kinachoingia bondeni kinapita humo: mabasi, malori ya saruji, gari la mkate, wageni wanaowahi kuteleza kwenye barafu kabla jua halijailainisha, na kijana aliyepata leseni juzi akaazima gari la babake. Vipo vipande vya njia ya baiskeli kando ya mto Ruetz, na kwa hivyo nawashukuru bila kinyongo. Nimevipita mara nyingi nikisikiliza maji badala ya injini. Lakini watu hawakai mtoni. Sisi wengi tumepanga vyumba kwenye vitongoji vya mteremkoni, kodi inakopungua kidogo, na ukitaka kwenda kijiji cha pili unashuka hadi B183, unabanana na magari, kisha unapanda tena.

Juu ya B183, ndani ya misonobari, ndiko ziliko barabara za malori ya magogo. Upana wake ni lori moja. Upande wa mlima kuna mfereji, upande wa bonde kuna hewa tupu. Haziendi wima, kwa sababu lori lenye shehena ya magogo haliwezi kuteremka ukuta. Kwa hiyo zinafuata mbavu za mlima polepole, zinavuka vijito juu ya makalvati, zinatokea kwenye uwazi ambapo unaliona bonde zima na jua halijalifikia, kisha zinaingia tena kivulini. Mwanzoni mwa kila moja kuna geti la chuma au alama ya duara jekundu. Gari la mtu wa kawaida haliingii. Lori lenyewe la magogo unaweza kukaa wiki nzima usilione.

Kwa mtu wa Kilimanjaro barabara kama hiyo haina maajabu, ni moramu. Nilipofika huku nikakuta moramu imekuwa mchezo, una viatu vyake, una tairi zake za milimita 40 na kitu, na una baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, inayouzwa bei ambayo kwetu ungenunua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Kule Maasai Mara tangu 2021 kuna mashindano yanayoitwa Migration Gravel Race, watu wanapanda ndege kuja kula vumbi letu kwa kulipia. Siwacheki. Aliyewahi kuteremka barabara ya moramu asubuhi, tairi zikiimba na breki zikiwa timamu, anajua wanachokitafuta. Yangu ni ya mitumba, fremu ya chuma, na nilimlipa mpishi mwenzangu kwa awamu tatu.

Sasa kisa changu. Ilikuwa Juni, siku ya Jumanne. Zamu yangu huanza saa kumi na mbili asubuhi, nami nilikuwa nimeivumbua barabara ya msituni inayotoka karibu na kitongoji chetu na kutokea nyuma kabisa ya kijiji ninakofanya kazi. Dakika ishirini na tano, bila gari hata moja. Niliipita wiki tatu. Jumanne ile nikakuta pikapu imesimama katikati ya njia. Mwenyewe akateremsha kioo, akaniuliza kama nimeiona alama. Nikasema nimeiona. Akaniuliza kama naweza kuisoma. Nikasema naweza. Akatikisa kichwa, akapiga picha, akaniacha niende. Baadaye ikaja barua ya wakili: nitie sahihi ahadi kwamba sitarudia, na nilipe gharama ya barua yenyewe. Gharama hiyo kwangu ilikuwa mshahara wa siku sita. Nililipa, nikatia sahihi. Jina la mtu yule silitaji, wala la kitongoji. Hakunitukana, na haki ya sheria ilikuwa upande wake.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, sikumwandikia yeye.

Nimeisoma Sheria ya Misitu ya 1975, kifungu cha 33, nikiwa na kamusi mkononi. Inaanza kwa ukarimu ambao nauonea fahari kama mkazi wa nchi hii: kila mtu anaruhusiwa kuingia msituni kujiburudisha na kukaa humo, awe msitu ni wa nani. Sijui nchi nyingi zenye sentensi nzuri kama hiyo. Kisha inakuja sentensi ya pili. Zaidi ya hapo, inasema, kwa mfano kulala gizani, kupiga hema, kuendesha chombo au kupanda farasi, lazima mwenye msitu akubali. Na kwa barabara za msituni, akubali yule mwenye jukumu la kuzitunza.

Neno la Kijerumani hapo ni moja, linachukua kila chenye magurudumu. Lori la tani arobaini na baiskeli ya kilo kumi na mbili vimetiwa kapu moja. Ukitaka kusema kweli, hata Kiswahili tunaendesha lori na tunaendesha baiskeli kwa kitenzi kilekile. Lakini kwetu hakuna mzee atakayekuona na baiskeli kwenye njia ya shambani akakuuliza kibali cha lori. Na mwaka 1975 hilo halikumsumbua mtu. Baiskeli za milimani zilikuwa bado hazijafika madukani. Waliotunga sheria walikuwa wanafikiria magari na pikipiki, na walifikiri sawasawa. Ni miaka hamsini sasa. Sheria imebaki, magurudumu yamebadilika.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu ofisa mmoja mpole alishanijibu dirishani: Tirol ina mfano wake. Kweli unao, na ni bora kuliko wa majimbo mengine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 jimbo, manispaa na vyama vya utalii vimekuwa vikiandikiana mikataba na wenye misitu, njia moja baada ya nyingine. Mwenye msitu anapata malipo kidogo, jimbo linabeba bima ya dhima, alama zinawekwa, na njia inafunguliwa kwa baiskeli. Kwa njia hii zimefunguliwa kilomita maelfu. Nimezipita nyingine, zinatunzwa vizuri, na kwenye makutano huwezi kupotea hata ukitaka.

Tatizo la mfano huu ni nani aliyekaa mezani wakati njia zinachaguliwa. Zilichaguliwa na watu wanaouza likizo. Kwa hiyo zinafanya kile ambacho mgeni anataka kufanya: zinapanda kutoka maegesho hadi kibandani kwenye malisho ya juu, mgeni anakula strudeli ya tofaa na maziwa ya mtindi, anashuka alikotoka. Njia nzuri sana hizo, na strudeli pia. Lakini njia ya kupanda na kushuka haimpeleki mtu kazini. Anayeishi hapa anataka njia ya kukata kando, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa urefu wa bonde. Barabara ya msituni inayofanya kazi hiyo haina kibanda katikati, haina picha ya kuweka kwenye kijitabu, kwa hiyo haikupata mkataba. Au ilipata nusu: umbali fulani imefunguliwa, halafu unafika kwenye mpaka wa mwenye msitu mwingine unakuta duara jekundu. Hapo unateremka, unaisukuma baiskeli kwa miguu. Ukiisukuma wewe ni mtembeaji. Ukiipanda umevunja sheria. Mti ni uleule, kokoto ni zilezile, na kulungu, kama yupo, anakushangaa katika hali zote mbili.

Niseme sasa juu ya hofu ya wenye misitu, maana nisipoisema barua hii itakuwa ya upande mmoja, na mimi mwenyewe nimekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo, najua mtu anavyoona ardhi yake ikikanyagwa.

Hofu yao ina jina katika bonde letu, nalo ni Pinnis. Kutoka kitongoji cha Neder, pale Neustift, barabara ya kokoto inapanda bonde dogo la Pinnis kati ya kuta mbili za miamba hadi kwenye malisho ya Pinnisalm. Julai 2014 mtalii kutoka Ujerumani aliyekuwa na mbwa alishambuliwa na ng'ombe wenye ndama njiani humo, akafariki. Mwanzoni mwa 2019 mahakama ya Innsbruck ikamwamuru mfugaji alipe fidia ambayo kwa jumla ilihesabiwa karibu nusu milioni ya euro. Nilikuwa sijafika nchi hii, lakini mpaka leo ukikaa na wafugaji wa huku wanaizungumza kama watu wanavyozungumza mwaka wa njaa. Mahakama ya rufaa ikaja kugawa lawama nusu kwa nusu, na 2020 Mahakama Kuu ikaukubali mgawanyo huo. Lakini jeraha lilikuwa limeshaingia. Mtu mwenye ng'ombe ishirini na barabara moja alijifunza kwamba mgeni mmoja anaweza kumnyang'anya nyumba.

Basi tazameni mlichofanya ninyi wenyewe. Ndani ya mwaka huohuo wa 2019 bunge lilibadilisha sheria ya kiraia, likaweka wazi kwamba anayepita kwenye malisho ana wajibu wa kujiangalia mwenyewe, na kwamba mahakama iuzingatie wajibu huo. Miezi michache tu! Vienna, Innsbruck, wafugaji, vyama vya utalii, wote walikubaliana kwamba mtu akipanda mlimani anapanda na akili yake. Mlitaka, mkaweza. Kanuni hiyohiyo ndiyo ninayoiomba kwa baiskeli: anayepanda baiskeli barabara ya magogo anapanda kwa hatari yake, akikuta gogo njiani ni gogo lake, akiingia kona kwa fujo akaanguka asimtafute mwenye msitu. Na kwa njia inayotumika bure, sheria ya sasa tayari inamfunga mtunzaji kwa uzembe mkubwa tu, si kwa kila jiwe lililolegea. Mwenye pikapu yule nilitamani nimweleze hilo, lakini Kijerumani changu cha alfajiri hakifiki huko.

Sasa nageukia mameya, hasa wa Mieders, kwa jambo ambalo ninyi mnalijua kuliko mimi. Misitu mingi ya mabonde haya ilikuwa ya vijiji tangu kale. Katika karne ya 20 sehemu kubwa iliandikishwa kwa jina la vyama vya wakulima, Agrargemeinschaften. Mwaka 2008, katika kesi iliyotoka hapa hapa Mieders, Mahakama ya Katiba ikasema kwamba wakulima wana haki zao za kale za kuni na malisho, lakini thamani inayobaki ya ardhi ile ya kijiji ni ya manispaa, maana yake ni ya wakazi wote. Mwaka 2014 sheria ya jimbo ikarekebishwa, manispaa zikapata msimamizi wao wa kuitunza thamani hiyo. Nilipoisoma habari hii nilikaa kimya kidogo. Kumbe katika misitu ya aina hiyo, anayetakiwa kukubali baiskeli zipite si mtu wa mbali. Ni meya, ambaye namwona dukani akinunua mkate.

Na kuna fedha ya umma ndani ya kokoto hizo. Barabara za msituni zimekuwa zikijengwa kwa ruzuku, ikiwemo ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu nzuri kabisa: bila barabara hufiki kwenye miti iliyoangushwa na upepo, mende wa magome wanazaliana, na msitu unaolinda vijiji dhidi ya maporomoko ya theluji unakufa. Siisemi ruzuku hiyo kwa ubaya. Nasema tu kwamba dada wa Bujumbura naye analipa kodi.

Majirani zenu wanafanyaje? Mkivuka mpaka kuingia Bavaria, katiba ya jimbo lile, ya 1946, inampa kila mtu haki ya kufurahia msitu na malisho ya milimani, na sheria zao za mazingira zinaruhusu baiskeli kwenye njia zinazofaa. Barabara ya kokoto ikivuka mpaka wa milima ya Karwendel haibadiliki rangi, lakini mwendesha baiskeli anabadilika kutoka mwananchi kuwa mvamizi. Uswisi walikwenda mbali zaidi: Septemba 2018 waliweka njia za baiskeli ndani ya katiba kwa kura ya wananchi, zaidi ya asilimia 73 wakakubali. Sheria yake ilianza kutumika Januari 2023, nayo inazitaka kantoni ziwe na mipango ya mtandao wa njia ifikapo mwisho wa 2027 na ziumalize ifikapo 2042. Siwaambii muige Uswisi. Najua Mtirol akiambiwa aige Uswisi anakasirika, na mimi sitaki ugomvi wa majirani.

Tena ninyi wenyewe ni mabingwa wa kuamua gari lipite wapi. Brenner inapitisha zaidi ya malori milioni mbili kwa mwaka, na msongamano ulipoanza kumwagika vijijini, kuanzia 2019 mliwakataza wasafiri wa kupita tu wasiache barabara kuu wikendi za msimu. Watu wa Roma na Berlin walipiga kelele. Hamkutikisika. Serikali yenye ubavu wa kuyazuia magari ya Ulaya nzima haishindwi kuifungulia baiskeli barabara ya magogo.

Nibaki kidogo kwenye swali la wanyama, kwa sababu hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Wawindaji wanasema kulungu hula alfajiri na jioni, na kwamba baiskeli, kwa kuwa inakuja kimya na haraka, inamshtua kuliko mtu anayetembea. Kulungu aliyeshtuliwa anarudi kichakani, ana njaa, anabambua magome ya miti michanga, na msitu unaolinda kijiji unaumia. Nimeuliza watu wasio wawindaji, wakaniambia hoja hiyo si ya kubuni. Pendekezo la kawaida la watu wa baiskeli ni kwamba njia ziwe wazi mchana tu, kuanzia saa moja baada ya jua kuchomoza hadi saa moja kabla halijazama. Ni pendekezo la haki. Na linanifungia mimi mlango! Katikati ya Juni jua la Innsbruck huchomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri; ongeza saa moja, zamu yangu imeshaanza. Katikati ya Septemba linachomoza karibu saa moja, hapo ndiyo nisahau kabisa.

Nimelala na jambo hili siku nyingi. Nilipofika ni hapa: ziwepo njia chache, moja kila upande wa bonde, za kuunganisha kijiji na kijiji, zilizo karibu na makazi ambako kulungu hakai sana, na hizo ziwe wazi wakati wote. Nyingine zote, za juu, zifuate jua. Wakati wa theluji zilizo kwenye maeneo ya kulishia wanyama zifungwe kabisa, na atakayeingia aadhibiwe. Mimi sitamtetea. Wala sitawatetea wale wanaopanda kwa betri na kuteremka kama jiwe lililorushwa, huku mama na mtoto wake wakirukia mferejini. Yupo mmoja karibu na kwetu. Ananiaibisha mimi ambaye hata simjui.

Marangu tuna mifongo, mifereji ya kale inayoleta maji kutoka juu mlimani hadi migombani. Kila mfongo una ukoo ulioutoa, na kila anayetumia maji yake anatoka siku ya msaragambo na jembe lake, anazibua, anajenga kingo. Asiyetoka hapati maji, hata kama mfongo unapita mlangoni kwake. Nawapeni mfano huo kwa sababu watu wa huku wananiuliza: mwenye baiskeli atatoa nini? Atatoa Jumamosi mbili kwa mwaka. Atasafisha makalvati kabla ya mvua za Julai, atafyeka, atafunga mageti ya ng'ombe yaliyoachwa wazi. Mkenya wa Eldoret ameshasema yuko tayari, ila anataka apewe beleshi zuri. Kwa beleshi Fulpmes hatuna shaka, ni kijiji cha wahunzi. Wanafua chuma pale tangu enzi ambazo vyombo vilibebwa mgongoni kupita Brenner kwenda kuuzwa.

Nilitaka kuacha historia, lakini kuna moja inanikera kwa utani. Ludwig Purtscheller alizaliwa Innsbruck, tarehe 6 Oktoba 1849. Siku aliyotimiza miaka 40 alikuwa amesimama juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, pamoja na Mjerumani Hans Meyer, na kilele kimoja cha Mawenzi kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kabla ya kupanda walifikia Marangu, kwa Mangi Marealle, chifu wa pale, naye akawapokea. Wazee wa kwetu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Mtu wa Innsbruck alifika kwenye mlima wa watu, akabisha hodi, akapewa njia. Mimi nimebisha hodi kwenye mlima wa Innsbruck, nikapewa barua ya wakili. Sidai deni, miaka ni mingi. Nakumbusha tu kwamba hodi ilishawahi kuitikiwa.

Mnielewe ninachoomba. Kwako, Waziri: kifungu cha 33 kitenganishe baiskeli na gari, barabara za msituni ziwe wazi kwa baiskeli isipokuwa pale palipofungwa kwa sababu iliyoandikwa kwenye alama yenyewe, iwe ni kukata miti, kulisha wanyama au maporomoko. Leo ni kinyume chake: zimefungwa zote isipokuwa zenye mkataba, na sababu haiandikwi. Kwa Serikali ya Jimbo: wakati Vienna inafikiri, mikataba iendelee, lakini mezani awepo mtu asiyeuza likizo. Mkae na muuguzi wa zamu ya usiku, mwanafunzi, mpishi. Mtandike ramani, mtuulize tunatoka wapi na kwenda wapi, na muunganishe vile vipande vilivyokatika. Vingine ni vifupi mno, ni aibu kuvitaja. Tramu inayopanda kutoka Innsbruck hadi Fulpmes tangu 1904 ingekuwa mwanzo mzuri: mtu ashuke kituo cha mwisho na baiskeli yake, aingie kwenye kokoto, afike Neustift bila kuigusa B183. Kwa mameya: fungueni zile zilizo mikononi mwenu. Hizo hazisubiri bunge.

Nimeambiwa barua za namna hii hujibiwa baada ya wiki sita hadi nane, na mwenye kujibu huwa ofisi nyingine. Nitasubiri. Anwani yangu iko kwenye ile ya Kijerumani.

Kesho zamu yangu ni ya saa kumi na mbili. Redio inasema ukungu bondeni, na wiki hii malori ya saruji yanapanda Neustift kila baada ya muda mfupi, kuna hoteli inaongezwa. Nimebadilisha betri ya taa ya nyuma. Ahadi niliyoitia sahihi bado ninaitunza, kwa hiyo nitapita barabara kubwa.

Wenu,
mpishi msaidizi, mkazi wa bonde la Stubai